Maneno ya Hoteli

"Tena," ilisikika sauti ya mwalimu kutoka nyumba ya mkabala. "Na safari hii nataka makofi. Kofi zito pale neno linapopanda. Haya: a-ko-mo-DEI-shen."

Vijana wakaitikia, na makofi yakafuata: jepesi, jepesi, jepesi, zito, jepesi.

Bi Rawiya alikuwa ameketi dirishani juu, tari mapajani, akiigusagusa ngozi yake kwa kidole gumba kusikia kama imekaza. Vichochoro vya Mkomani, hapa mjini Lamu, ni vyembamba. Ukipiga chafya ndani kwako, jirani hukuombea rehema kutoka kwake. Hakuwa na haja ya kutega sikio. Maneno yalipanda yenyewe ukutani yakaingia bila hodi, na kidole chake, bila ya yeye kukiamuru, kikaigonga ngozi vile vile, jepesi, jepesi, jepesi, zito, jepesi.

Akakizuia. Lile darasa halikumpendeza, na hakutaka mkono wake ulipende.

Mkono ule ndio uliomlisha tangu ajane. Hakuna harusi ya maana hapa Amu ambayo Bi Rawiya hakuipigia tari. Alikuwa akiongoza kundi la wanawake wenziwe, wao wakiitikia, yeye akitangulia. Skuli hakwenda, alisoma chuoni, akahitimu Kurani yake, basi. Nyimbo zote alizozijua alizipokea kwa sikio kutoka kwa mamake, na njia yake ya kuzihifadhi ilikuwa moja: hakushika maneno kwanza, alishika mapigo. Mapigo yakishakaa mkononi, maneno huja nyuma yake kama watoto nyuma ya ngoma.

Mwalimu aliyekuwa akipigisha makofi aliitwa Mahir. Alitoka Mombasa baada ya Mfungo Tatu, mwezi wa Maulidi, akakodi nyumba ya chini iliyokuwa tupu, akaeneza habari kuwa anatafuta vijana wa kwenda kufanya kazi katika hoteli kubwa huko Bangkok. Pasipoti juu ya kampuni. Tikiti juu ya kampuni. Darasa la Kiingereza, bure. Alichotaka yeye ni ulimi tu.

"Kiswahili ni lugha ya starehe," aliwaambia vijana siku ya kwanza, na Bi Rawiya alimsikia. "Uzito hukaa silabi moja kabla ya mwisho, siku zote, kama mzee na pahali pake msikitini. Kiingereza huhama. Likiwa neno refu, likatekate kwanza, kisha utafute uzito umekaa wapi. Ukiukosea, herufi zako zote zitakuwa sawa na mgeni hatakuelewa. Mkisikia neno limeishia na *shen*, uzito uko papo hapo kabla yake. Re-za-VEI-shen. Mmeona?"

Bi Rawiya aliona. Tena alikiri moyoni kwamba yule mtu alijua kufundisha, na hilo nalo likamtia wasiwasi. Mtu ajuaye kufundisha hivi, kwa nini afundishe bure?

Amjad, mwanawe wa pekee, alikuwa mmoja wa wale vijana. Alikuwa kijana mkubwa, ndevu zimeshajaa, asiye na kazi ya kudumu. Leo huteremsha mizigo gatini, kesho hukaa. Tangu darasa lianze alikuwa na uso mpya. Alikula huku akigonga meza kwa vidole, akitafuna wali na maneno pamoja.

"Hos-pi-TA-li-ti," alisema usiku mmoja.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ukarimu, mama. Kupokea wageni."

"Na lile la shen, la makofi matano?"

Amjad akacheka. "A-ko-mo-DEI-shen, mama. Malazi."

Mamake naye akacheka. Akaona labda ni yeye tu, labda ujane humfanya mtu asikie paka akaona ni mwivi. Kila neno alilouliza, mwanawe alimjibu papo hapo, na yote yalikuwa maneno ya kitanda, chakula na mgeni.

Kisha maneno yakabadilika.

Mwalimu alianza kuufunga mlango baada ya alasiri, jua likiwa bado kali na wenye akili zao wakitafuta upepo. Sauti zilishuka, lakini makofi hayashuki. Bi Rawiya aliyapokea moja baada ya moja. In-HE-ri-tans. Kon-fi-DEN-sho. Be-ni-FI-sha-ri. Lingine lilikuwa refu na la ajabu, krip-to-KA-ren-si, na vijana walilirudia mpaka likawa laini kama kamba iliyopakwa mafuta.

"Na in-HE-ri-tans?" aliuliza siku hiyo, akimpakulia mwanawe mchuzi. "Hilo nalo ni la malazi?"

Amjad aliitazama sahani yake. Alitafuna, akatafuna tena.

"La hoteli pia," alisema.

Ni hapo. Kabla ya hapo Bi Rawiya alikuwa na mashaka na Mahir. Tangu hapo alikuwa na mashaka na mwanawe.

Alianza kuangalia. Aliona kuwa Mahir hakuwahi kula kwa mtu, hata alipoitwa kwa heshima. Aliona kuwa hakukubali kupigwa picha na wanafunzi wake. Yeye ndiye hushika simu, wao hukaa mbele. Na siku moja, akiwatazama vijana wakitoka darasani, aliwapitia kwa majina na kwa baba zao, akashikwa na baridi pale pale dirishani. Amjad, babake marehemu. Bakr wa Bi Khairiya, babake alikwenda Uarabuni hakurudi. Yule wa Pate, yatima. Yule wa Mkokoni, yatima. Hapakuwa na hata mmoja ambaye babake angeweza kuja kugonga mlango ule akauliza jambo.

Akashuka kwa Bi Khairiya, jirani yake wa mlango wa tatu, wakaketi darini pake, chai mbele yao. Akamwambia aliyoyaona.

Bi Khairiya alimsikiliza akizungusha kikombe. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mpishi wa mikate ya kuuza, na Bakr ndiye jicho lake.

"Bi Rawiya," alisema mwishowe, "mwanangu tangu azaliwe hajapata kuitwa na mtu kwa jambo la kheri. Leo ameitwa. Wewe waniambia nitie shaka kwa sababu gani? Kwa sababu ya makofi?"

"Kwa sababu ya maneno. Maneno yamegeuka."

"Wayajua maneno yao?"

"Siyajui."

"Basi njoo tuzungumze ukiyajua." Kisha, bila ya kumtazama: "Na shaka nyingine, dadangu, jina lake ni hasadi."

Wiki ile kulikuwa na harusi upande wa Langoni. Bi Rawiya alifika mapema na kundi lake, akamkuta Quinter chumbani akimpamba bi harusi. Quinter alikuwa mwanamke wa Kisumu aliyefungua saluni Langoni miaka kadhaa iliyopita. Hapana harusi aliyokosa kushika nywele, kama vile Bi Rawiya hakukosa kushika tari. Walikutana mara nyingi, wakataniana, lakini hawakuwa watu wa kupeana siri.

Bi harusi alipokwenda kuoga, Bi Rawiya akafunga mlango.

"Quinter, wewe Kiingereza wakijua?"

"Cha shule, mama. Mpaka Form Four."

"Basi nikwambie maneno, unambie maana yake. Mimi nayajua kwa mapigo tu."

Akaliweka tari wima mapajani. La kwanza alipiga lile la malazi, na Quinter akaangua kicheko mpaka akaweka chanuo chini. "Mama Amjad! Umelisema kunishinda mimi!"

Bi Rawiya hakucheka. Alipiga: jepesi, zito, jepesi, jepesi, akasema, "In-HE-ri-tans."

"Urithi," alisema Quinter, bado akitabasamu.

"Be-ni-FI-sha-ri."

"Huyo ni yule anayeandikiwa mali. Anayerithi."

"Kon-fi-DEN-sho."

"Siri." Tabasamu lilikuwa limeanza kuondoka. "Mama, haya umeyasikia wapi?"

"Krip-to-KA-ren-si. Ve-ri-fi-KEI-shen. WI-do-wa."

Quinter aliinuka akahakikisha mlango umefungika. Aliporudi aliketi chini, karibu, magoti yao yakagusana.

"WI-do-wa ni mgane. Mwanamume aliyefiwa na mke. Ve-ri-fi-KEI-shen ni kuthibitisha kwamba wewe ni wewe. Na lile refu ni pesa za mtandaoni, zile hazishikiki mkononi." Akashusha sauti. "Haya si maneno ya hoteli, mama. Haya ni maneno ya kumwibia mtu kwa simu. Wanamtafuta mzee mpweke huko Ulaya, wanamwandikia, wanamwambia wanampenda. Miezi. Halafu wanamwambia kuna urithi, au kuna biashara, atoe kidogo apate kingi. Na hao vijana wanaowapeleka huko, wakifika wananyang'anywa pasipoti. Wasipoiba, wanapigwa."

"Na wewe umeyajuaye yote hayo?"

"Wateja, mama. Nikishika kichwa cha mtu anasema kila kitu."

Bi Rawiya akapiga tari harusi ile yote, akaimba, akaitikiwa, na hakuusikia hata wimbo mmoja. Akirudi nyumbani alimtilia shaka Quinter pia. Mtu wa bara, mtu wa saluni, anajua nini, na ana haja gani? Alitaka sana iwe Quinter ndiye mwongo. Alilipima neno lake na uso wa Amjad juu ya ile sahani, likalingana.

Kesho yake baada ya alasiri aliugonga ule mlango uliofungwa.

Mahir mwenyewe ndiye aliyefungua. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akatabasamu, akamkaribisha kwa adabu zote. "Karibu, Bi Rawiya. Mamake Amjad ni mama wa sote."

Amjad alitazama chini.

"Sikai, mwalimu. Nna swali. Wewe wawafundisha kukata maneno, na hapo hodari, sikufitini. Lakini sikusikia ukiwapa maana. Leo wape, hapa, na mimi nisikie. In-HE-ri-tans, maana yake nini?"

Alilisema sawasawa, uzito pahali pake, na kijana wa Pate akainua kichwa kwa mshangao.

"Urithi, mama," alisema Mahir bila kusita. "Hoteli kubwa zina wageni matajiri. Wanazungumza mambo ya mali. Mhudumu lazima aelewe."

"Na mgane? WI-do-wa? Hoteli ina haja gani ya kujua mgeni amefiwa na mke?"

"Ili wampe pole, mama."

Bakr akacheka kidogo, na wengine wakapata ruhusa ya kucheka. Mahir naye akacheka, kwa upole, kama mtu anayemsamehe mtoto. Bi Rawiya alisimama katikati ya kicheko kile na kumtazama mmoja tu aliyekuwa hacheki. Masikio ya Amjad yalikuwa mekundu.

Usiku ule walikaa chini, mama na mwana, chakula hakikuguswa.

"Umeniaibisha," alisema Amjad.

"Nijibu moja. Wajua?"

"Nlijua si hoteli," alisema. "Mahir hakusema, lakini sisi si wapumbavu, mama. Ni kazi ya kompyuta. Waandikiana na wazee wa Kizungu. Wana pesa hawajui wazitie wapi. Sisi hatumchukulii mtu kwa nguvu, hutoa wenyewe."

Bi Rawiya alikuwa amejiandaa kumwokoa mwanawe kutoka kwa mwongo. Hakuwa amejiandaa kwa hili. Alikaa akiuangalia ule mkono wa Amjad juu ya meza, mkono wa babake, vidole virefu, na kwa mara ya kwanza maishani akaogopa unaweza kufanya nini.

"Mimi ni mjane," alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Amjad. Akinipigia kijana mwenye sauti nzuri kama yako, akaniuliza nimeamkaje, nimekula nini, kila siku ya Mungu, ntamuamini. Akinambia ananitegemea, ntampa hiki kikuku changu. Si kwamba nna pesa sijui nizitie wapi. Ni kwamba hapana mtu mwingine anayeniuliza nimekula nini."

Amjad aliinuka akaenda kulala.

Siku ya kuondoka ilipofika, alibeba begi lake akashuka gatini na wenzake kusubiri boti ya Mokowe, ya kuvukia bara. Bi Rawiya hakumsindikiza. Alimwombea dua mlangoni, kwa sababu mwana ni mwana, akapanda juu akajifungia. Aliwasikia wakipita chini, Bakr akitania, Bi Khairiya akilia na kucheka pamoja, sauti ya Mahir ikihimiza watu wasichelewe.

Kabla ya adhuhuri mlango wa chini ulifunguliwa. Hatua zilipanda. Amjad aliweka begi ukutani, akavua viatu, akajilaza kifudifudi.

Hakumwambia kwa nini amerudi, naye hakumuuliza. Amjad hakumsemesha mamake kwa muda mrefu, ila salamu. Alipata kazi ya kubeba mawe na chokaa kwa mafundi wa nyumba za zamani, akarudi kila jioni mweupe kwa chokaa, akaoga, akala, akalala.

Mtaani mambo yaligeuka. Wale vijana wengine walikuwa wamekwenda, na mama zao walikuwa na picha za uwanja wa ndege za kuonyesha. Ilisemwa kwamba Bi Rawiya alimfungia mwanawe riziki kwa jicho lake baya. Harusi mbili zilimpita. Ya tatu, Bi Khairiya mwenyewe aliwaambia wenye harusi mbele ya watu kwamba mwenye hasadi hafai kumwimbia bi harusi. Walichukua kundi la Shela. Bi Rawiya aliyasikia matari yao kutoka mbali, yakichelewa pigo, na akajilaumu kwa kuona raha kidogo.

Alijitilia shaka hata yeye mwenyewe, Mola amsamehe, maana kuna siku alijiuliza: na kama ni hoteli kweli?

Upepo wa kaskazi ulikuwa umeshapoa Bi Khairiya alipokuja. Hakupiga hodi ya kawaida. Alisimama chini mlangoni mpaka Bi Rawiya alipomwona. Alikuwa amekonda. Mkononi alishika simu kwa vidole viwili, kama kitu cha moto.

"Bakr ameniletea sauti," alisema. "Ya kwanza tangu afike. Nimeisikia tangu asubuhi. Asema yuko salama." Akaisogeza simu mbele. "Lakini ameniita mama mpendwa. Bakr hajapata kuniita mama mpendwa. Wewe una sikio, Bi Rawiya. Nisikilizie."

Wakapanda. Amjad alikuwa amerudi kutoka kazini, chokaa bado usoni. Alitaka kutoka chumbani, mamake akamwashiria akae.

Sauti ya Bakr ilijaa chumba. "Asalaam aleikum, mama mpendwa. Mimi niko salama. Kazi ni nzuri. Chakula ni kizuri. Nisamehe sikupiga simu mapema. Usiwe na wasiwasi." Kila neno limekaa peke yake, kama la mtu asomaye. Hapakuwa na neno hata moja la Kiamu.

Bi Rawiya alifunga macho. Nyuma ya ile sauti palikuwa na sauti nyingine, nyingi, zilizobanana kama watu katika chumba kisicho na dirisha. Karibu zaidi, msichana wa lafudhi asiyoijua alikuwa akirudia jambo moja. Ve-ri-fi-KEI-shen. Akalikosea, akaweka uzito mwanzoni. Kikasikika kishindo cha kofi, na halikuwa la kuhesabia silabi. Msichana akaanza tena, polepole, sawasawa.

Sauti ikakatika. Bi Rawiya alifumbua macho akakutana na macho ya jirani yake yakimngoja, na akashindwa. Mwanamke huyu alimwita hasidi mbele za watu. Akimwambia sasa, itakuwa ni kumwambia, au itakuwa ni kumlipa? Hakuwa na hakika na moyo wake mwenyewe.

"Bi Khairiya," alisema Amjad.

Alikuwa amepiga magoti kando ya simu. Kwa miezi mamake hakuisikia sauti yake ikiwa na kitu ndani.

"Hiyo si hoteli, Bi Khairiya. Tulikuwa tukijua. Mimi nlijua, na Bakr alijua kidogo. Hatukujua hayo ya kupigwa. Mama alitwambia tukamcheka." Alijipangusa uso, chokaa ikachanganyika na maji. "Ntamwendea Quinter sasa hivi. Nshamuuliza, asema kuna watu Mombasa wanaofuatilia mambo haya, wameshawarudisha wengine. Tutawapelekea hii sauti. Na nambari ya Mahir ninayo, na sura yake naijua."

Bi Khairiya hakulia. Alikaa chini taratibu, mkono mmoja umeshika goti la Bi Rawiya kwa kujizuia asianguke, na akauacha pale. Amjad aliunyosha mkono kuichukua simu.

"Ngoja," alisema Bi Khairiya. "Iweke tena kwanza."

"Bi Khairiya, hayo ya nyuma usiyasikilize tena."

"Sitaki ya nyuma. Nataka yake."

Amjad akamtazama mamake. Bi Rawiya akaitikia kwa kichwa. Amjad akaigusa simu.

"Asalaam aleikum, mama mpendwa," ilisema sauti ya Bakr, na mamake akaitengeza leso kichwani, akajiweka sawa, akamwitikia, kama mtu aliyesikia hodi mlangoni kwake.

"Wa aleikum salaam, mwanangu."